Gari limefungwa gurudumu Malindi! Sasa ufanyeje?

JE, msomaji mpendwa, umewahi kujiuliza ni nani hasa mwenye ule ukanda wa lami ulio mbele ya duka, ule ambao gari lako hukaa kwa nusu saa huku mama watoto akichagua leso? Mwenye duka atakwambia ni wake, kwani yeye ndiye anayeufagia kila asubuhi. Mwenye tuk-tuk naye atashikilia kwamba ni wake, maana hapo ndipo anapopatia abiria tangu aanze kazi. Mama muuza maembe amekwisha kutandika gunia lake pembeni na hana habari na yeyote. Serikali ya kaunti itasema ni mali yake, na risiti itakuonyesha. Kisha atatokea polisi wa trafiki, kijitabu mkononi, aseme si wa yeyote kati yenu. Hii ni njia ya watu kupita.

Ajabu ni kwamba wote hao wana chembe ya ukweli katika madai yao, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Mji kama Malindi haukujengewa magari. Upande wa mji wa kale, kule kwenye msikiti wa Ijumaa na makaburi yake ya mnara, vichochoro vilichorwa na miguu ya watu na kwato za punda karne nyingi kabla gari la kwanza halijateremshwa melini Mombasa. Vasco da Gama alipotia nanga hapa mwezi Aprili mwaka 1498 hakudaiwa ada ya maegesho. Badala yake mfalme wa Malindi alimpa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Wageni wa siku hizi, wanaokuja kwa barabara, wasitarajie ukarimu wa namna hiyo.

Hali huwa ngumu zaidi mwezi wa Desemba. Shule zimefungwa, familia kutoka Nairobi na Mombasa zimeteremka pwani na magari yao, watalii wamejaa mahotelini Watamu na kando ya barabara ya Lamu, na kila tuk-tuk ya mji iko barabarani kutafuta riziki. Barabara ni zile zile. Ukiongeza mikokoteni ya maji, pikipiki, na lori la soda linaloshusha kreti katikati ya mji saa tano mchana, utaelewa kwa nini askari na madereva huishia kukunjiana uso.

Kilifi nako wana kumbukumbu zao. Kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991, foleni ya Kilifi ilikuwa ni ya feri, na aliyeichelewa alingoja, apende asipende. Wachuuzi wa korosho na madafu walineemeka. Daraja lilipofunguliwa foleni ile ikatoweka, na mwendo wa kasi ukachukua nafasi yake. Ni mwendo huo ambao umewapa trafiki kazi tangu Mtwapa hadi Gongoni.

Kanju na trafiki si mtu mmoja

Watu wengi huchanganya mambo hapa, kwa hivyo tuyatenganishe mapema. Ukiwa barabarani Malindi, Kilifi, Mtwapa au Mariakani, unaweza kusimamishwa na watu wa aina mbili, na kila mmoja ana sheria yake mfukoni.

Wa kwanza ni askari wa kaunti, ambaye wenyeji bado humwita kanju, jina lililobaki tangu enzi za mabaraza ya miji. Wakati huo Malindi ilikuwa na baraza la manispaa, nayo Kilifi na Mariakani zilikuwa na mabaraza ya miji. Mabaraza hayo yalivunjwa baada ya uchaguzi wa Machi 4, 2013, na kazi zao zikaingia mikononi mwa Serikali ya Kaunti ya Kilifi. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inataja wazi kwamba trafiki na maegesho katika barabara za kaunti ni kazi ya kaunti. Kwa hivyo yule kijana mwenye sare anayekudai ada hafanyi hivyo kwa ubabe wake. Ana Katiba nyuma yake. Swali ni kama anaitumia inavyostahili.

Wa pili ni afisa wa polisi wa trafiki. Huyu hutumia Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, ambayo ilianza kutumika Januari 1, 1954, wakati wa Mkoloni, na ambayo imetiwa viraka mara nyingi tangu hapo. Yeye hahusiki na ada ya maegesho. Anachotazama ni kama gari lako limeziba njia au limeachwa mahali pa hatari, kama una leseni, bima na mikanda, na kama mwendo wako ni wa halali.

Tofauti hiyo ina maana kubwa kwako. Unaweza kulipa ada ya kaunti, ukapewa risiti halali, na bado ukashtakiwa na polisi kwa kuziba njia. Risiti hiyo si ruhusa ya kuegesha kwenye kona au mbele ya lango la hospitali. Vivyo hivyo, unaweza kuegesha vizuri kabisa bila kumkera mpita njia yeyote, na bado kaunti ikakudai kwa kuwa hukulipa. Wengi hugombana na askari asiye wao. Humlaumu trafiki kwa ada ya kanju, na humlilia kanju kwa faini ya trafiki.

Kuna jambo la tatu ambalo huongeza utata. Si kila barabara iliyo ndani ya kaunti ni ya kaunti. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliunda mamlaka ya kitaifa ya barabara kuu, KeNHA, na barabara kubwa itokayo Mombasa kupita Mtwapa, Kilifi na Gede hadi Malindi iko chini yake. Ukanda wa pembeni mwa barabara hiyo, wenye vibanda vya nguo na meza za samaki, una mwenyewe aliye Nairobi. Ndiyo maana mfanyabiashara wa Mtwapa anaweza kulipa ushuru wa kaunti asubuhi, kisha jioni akaamriwa na watu wa barabara ahame.

Mzee, hili gari ni lako?

Tuseme wewe ni baba wa watoto watatu. Umetoka Nairobi, umeendesha zaidi ya kilomita 600, na leo umeileta familia mjini kununua samaki na halua. Umeegesha mbele ya duka. Ukirudi unakuta gurudumu la mbele limekumbatiwa na kile chuma ambacho wenye magari hukiita klampu, na kijana mwenye sare amesimama kando.

"Mzee, shikamoo. Hili gari ni lako?"

"Marahaba. Ndilo. Kwani kuna nini, kijana?"

"Hujalipia maegesho, mzee wangu. Sasa utalipa ada, na pesa za kufunguliwa juu yake."

"Lakini hapakuwa na mtu wa kupokea hizo pesa!"

"Bango si lile pale, mzee?"

Unatazama. Bango lipo kweli, ila limefunikwa nusu na tangazo la mkutano wa injili, na nusu iliyobaki imebandikwa karatasi ya mganga kutoka ng'ambo ya mpaka anayerudisha wapenzi waliopotea.

Hapo ufanyeje? Usianze kwa kelele, wala usijaribu kuliondoa gari na chuma chake, maana utaharibu gari na kujiongezea kosa. Muulize askari kwa adabu jina lake na namba yake ya kazi, na umwombe akuonyeshe kitambulisho. Muulize ni kifungu gani cha sheria ya kaunti ulichovunja na ada inayodaiwa ni kiasi gani kwa mujibu wa sheria ya fedha ya mwaka huu. Kiwango hicho hubadilika kila sheria mpya inapopitishwa, kwa hivyo usitegemee kile ulicholipa likizo iliyopita. Kisha, kabla ya kutoa hata senti moja, piga picha. Simu unayo. Lipige gari, lipige bango lilivyo, ipige mistari ya maegesho kama ipo, na kama haipo, ipige lami tupu. Andika saa.

Halafu uamue. Ukiona kosa ni lako, lipa kwa njia rasmi ya kaunti na udai risiti. Ukiona umeonewa, unaweza kulipa huku ukisema wazi, ikiwezekana kwa maandishi, kwamba unalipa ili upate gari lako na kwamba utalalamika. Kulipa ili watoto wasishinde juani si kukiri kosa.

Jambo usilolikubali ni lile la kuambiwa, "Mzee, toa nusu yake tumalizane hapa hapa." Nusu hiyo haifiki katika hazina ya kaunti. Na kwa mujibu wa Sheria ya Hongo ya mwaka 2016, anayetoa na anayepokea wote wana hatia. Utakuwa umeingia mjini ukiwa na kosa la maegesho, ukatoka na la jinai.

Wanafunzi wetu huenda wangependa kujua chuma hiki kilitoka wapi. Kilibuniwa Denver, Marekani, na Frank Marugg, ambaye pamoja na ufundi wake alikuwa mpiga fidla. Polisi wa mji huo walianza kukitumia mwaka 1955. London ilikichukua mwaka 1983, na madereva wa huko wakakichukia kama wanavyokichukia wa kwetu. Mwaka 1992 mahakama ya Uskochi iliamua kwamba mwenye kiwanja cha binafsi anayefunga gari la mtu na kudai pesa anatenda wizi na unyang'anyi, nayo sheria ya Uingereza ya mwaka 2012 ikaharamisha jambo hilo katika viwanja vya watu binafsi kule England na Wales. Lakini hukumu hizo zilihusu viwanja vya watu, si barabara za umma. Usije ukamkaripia askari wa Malindi kwa hukumu ya Uskochi. Atakucheka, na atakuwa na haki.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, ada yenyewe si dhuluma. Mji unaohitaji taa, mifereji na mtu wa kuzoa taka hauwezi kuendeshwa kwa hewa, na mwenye gari ana uwezo kuliko mwenye baiskeli. Dhuluma ni kumtoza mtu mahali pasipo na bango wala mstari, na kumfungulia bila risiti. Kaunti inayotaka kulipwa ianze kwa kupaka rangi.

Kizuizi cha trafiki

Sasa tumgeukie afisa wa polisi. Hapa mambo ni mazito zaidi, kwani kunahusika roho za watu. Mnamo Machi 2021 basi na matatu ziligongana Kizingo, kwenye barabara hii hii ya Mombasa kwenda Malindi, na watu zaidi ya kumi wakapoteza maisha. Miaka miwili baadaye, Machi 30, 2023, basi la Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko Kilifi lilipata ajali karibu na Naivasha, na vijana waliokuwa wakienda michezoni hawakurudi darasani. Mzazi aliyesikia habari kama hizo redioni hamuulizi trafiki kwa nini anasimamisha magari. Humuuliza kwa nini lile lililojaza kupita kiasi liliachiliwa lipite.

Wasomaji wenye umri wanakumbuka Februari 1, 2004. Siku hiyo zilianza kutekelezwa kanuni za waziri John Michuki, zilizolazimisha matatu kuwa na vidhibiti mwendo visivyozidi kilomita 80 kwa saa, mikanda kwa kila abiria, mstari wa manjano ubavuni, na sare kwa dereva na utingo. Magari mengi hayakutoka, na watu walitembea kwa miguu kwenda kazini. Manung'uniko yalikuwa mengi, lakini abiria aliyezoea kusimama ameinama ndani ya matatu alipata kiti. Desemba 2012 kulikuwa na mgomo mwingine, safari hiyo kwa sababu Bunge lilikuwa limepandisha faini za trafiki kwa kiwango kikubwa. Madereva walisema faini hizo zingewafunga, na kwamba hongo ingepanda bei pamoja nazo. Hofu ya pili haikuwa ya kipuuzi.

Sheria ina njia ya kupunguza mikwaruzo. Kifungu cha 117 cha Sheria ya Trafiki kinamwezesha polisi kumpa mwenye kosa dogo hati ya kumjulisha kosa lake, badala ya kumburuta kituoni. Kanuni zilizochapishwa mwaka 2016 ziliorodhesha makosa hayo na faini zake. Kutofunga mkanda ni Sh500, kutokuwa na leseni mkononi Sh1,000, kuendesha juu ya njia ya waendao kwa miguu Sh5,000. Ukipewa hati hiyo una hiari ya kukubali na kulipa, au kukataa na kwenda kujitetea mahakamani.

Ukikamatwa je? Katiba, Kifungu cha 49, inasema lazima uambiwe sababu mara moja kwa lugha unayoielewa, na ufikishwe kortini kabla ya saa 24 kupita, au siku ya kazi inayofuata muda huo ukiishia nje ya saa za korti. Tena, ibara ya pili ya kifungu hicho inasema mtu hawekwi rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita. Ukilipa dhamana ya pesa taslimu kituoni, dai risiti ya serikali. Dhamana si faini. Ni amana, nawe una haki ya kurudishiwa kesi ikiisha ikiwa ulihudhuria. Wangapi huisahau pesa hiyo! Hufika kortini, hutozwa faini, hulipa upya, na kuondoka bila kuuliza amana yao iko wapi.

Afisa akikukosea, kwa matusi, kipigo au kukubambikia kosa, iko mamlaka huru ya kuchunguza polisi, IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Akikudai hongo, nenda kwa tume ya maadili na kupambana na ufisadi, EACC. Utahitaji tarehe, saa, mahali na namba. Malalamiko yasemayo "polisi mmoja, wiki iliyopita, kule njiani" hayasaidii kitu.

Gharama ya kukataa kosa

Hapa ndipo kuna uchungu ambao vitabu vya sheria havisemi. Mahakama ziko, Malindi, Kilifi na Mariakani. Una haki ya kukana shtaka, na Kifungu cha 50 cha Katiba kinakuhesabu kuwa huna hatia mpaka upande wa mashtaka uthibitishe. Usipoelewa lugha ya korti utapewa mkalimani bila malipo. Haya yote ni kweli. Lakini ukikana leo, kesi haisikizwi leo. Itatajwa, itapangiwa tarehe, shahidi huenda asifike, itapangiwa nyingine.

Piga hesabu mwenyewe. Yule baba wa Nairobi atapanda basi usiku mzima kuja kupinga faini ya Sh500? Nauli ya safari moja inaimeza mara kadhaa. Kwa hivyo hukubali kosa, hata lile asilolifanya, kwa kuwa kukubali ni rahisi. Na kila anayekubali hivyo humfundisha askari mbaya kwamba hakuna atakayempinga.

Kwa mwenye tuk-tuk hesabu ni kali zaidi. Chombo kwa kawaida si chake. Kila jioni ana hesabu ya kumpelekea tajiri yake, iwe mvua au jua, na kinachobaki baada ya mafuta ndicho unga na mboga. Siku tuk-tuk ikizuiliwa kituoni au katika uwanja wa kaunti, hesabu ya tajiri haisimami. Siku ya pili ikipita, deni. Siku ya tatu tajiri anatafuta dereva mwingine. Mtu wa namna hii humwambii akane shtaka na angoje miezi mitatu. Ndiyo maana wenye tuk-tuk na matatu hupendelea kujikusanya katika vyama na kubishana na kaunti kwa pamoja, kwa barua, kwa mikutano, na yakishindikana hayo, kwa kuegesha vyombo vyote kando mji mzima utembee.

Pikipiki nazo zina kesi yake. Zilipopunguziwa ushuru kuelekea mwisho wa miaka ya 2000, vijana wengi wa Ganze, Magarini na Kaloleni walipata kazi waliyokuwa wameikosa. Sheria inasema abiria mmoja tu, na kofia ya chuma kwa wote wawili, pamoja na koti la kung'aa. Nenda katika shule yoyote kando ya barabara saa kumi na nusu jioni uone wanafunzi watatu wamepangwa nyuma ya dereva, kile vijana wanachokiita mshikaki. Mzazi aliyelipa nauli ya mshikaki kwa kuwa ni nafuu asimlaumu trafiki siku akiisimamisha pikipiki ile. Wewe mwanafunzi unayesoma haya nawe unajua ulikaa wa ngapi Ijumaa iliyopita.

Ada hupangwa na nani?

Turudi kwenye maegesho, kwa kuwa hapa raia ana nguvu kuliko anavyodhani. Kaunti haiwezi kuamka asubuhi na kupandisha ada kwa kuwa hazina imekauka. Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni inayotozwa bila sheria, na Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi katika kazi zake za kutunga sheria. Kila mwaka basi kaunti hupeleka mswada wa fedha katika bunge lake. Ndani ya mswada huo, katikati ya ada za machinjioni na leseni za biashara, mtaona maegesho: gari dogo, matatu, lori, tuk-tuk, pikipiki, kwa siku na kwa mwezi.

Je, kuna aliyewahi kushinda? Wapo. Aprili 17, 2014 Jaji George Odunga wa Mahakama Kuu alibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Jaji alieleza kwamba ushirikishaji si kutoa tangazo ili itajwe kwamba lilitolewa. Kaunti iwatafute watu makanisani, misikitini, kwenye mabaraza na katika redio wanazosikiliza. Kaunti ilikata rufaa, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikaiunga mkono hukumu hiyo. Waliokwenda kortini walikuwa raia na wafanyabiashara wa kawaida waliochoshwa na ada.

Kiambu si Kilifi, lakini Katiba ni moja. Tangazo la mkutano likitolewa kwa gazeti moja la Kiingereza, siku mbili kabla, na mkutano wenyewe ukafanywa saa tatu asubuhi ya Jumatatu wakati kila dereva yuko kazini, una la kusema.

Wakati wa kulisema ndio huu: mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa bungeni kufikia Aprili 30, na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inataka mswada wa fedha upitishwe si zaidi ya siku 90 baada ya mswada wa matumizi kupita. Yaani kati ya Juni na Septemba ndipo ada yako ya mwaka ujao inapojadiliwa. Anayelalamika Desemba, chuma kikiwa kimekwisha kuuma gurudumu, amechelewa kwa miezi mitatu.

Tangazo hutokea katika kurasa za ndani za magazeti, herufi ndogo, na wiki ile ile utalikuta limefungiwa viazi karai kwa mama wa barabarani. Lisome kabla ya kula. Andika barua ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili kama ndicho ukijuacho, utaje barabara yako, utaje ada unayoona imezidi na unayoona ni ya haki, utaje pia pale pasipo na bango. Mpelekee karani wa bunge la kaunti kwa mkono, na nakala utakayobaki nayo igongwe mhuri wa siku uliyoipeleka.